Kuwapo na Kuwamo

Stima ikipotea jioni katika mtaa wa Machakos, kabla mshumaa haujapatikana, kundi la WhatsApp la majirani huwa limeshapokea ujumbe wa maneno mawili: "Kwenu iko?" Anayeuliza hana haja ya kutaja kitu chenyewe. Majibu nayo huja mafupi. "Haiko." "Huku iko upande mmoja." "Imerudi ikaenda tena." Asiyejua mambo ya mtaa atadhani hizo ni soga za kupitisha giza, kumbe ni uchunguzi kamili unaofanywa na watu ambao hawajawahi kupanda nguzo. Ikiwa ni nyumba moja tu iliyo gizani, tokeni zimekwisha au swichi kuu imeruka. Zikiwa nyumba tatu zinazofuatana ilhali jirani wa nne anapika, hitilafu iko kwenye nguzo yao. Mtaa mzima ukizima, mshukiwa ni transfoma. Mji mzima ukizima, shida iko mbali, kwenye laini kubwa. Hakuna nyumba inayoweza kuutambua ugonjwa huu peke yake. Lazima iulize nyingine. Baada ya hapo mmoja hujitolea kupiga simu, wa pili hutoa namba ya mita, na wa tatu hukumbuka kwamba bado anayo namba ya fundi aliyekuja mwezi jana.

Katika kundi hilo kuna nyumba ambayo haiulizi wala haijibu. Paa lake limejaa paneli, ukutani imetundikwa inveta, na chini ya inveta imekaa betri ya lithiamu. Laini ya kampuni ya umeme ikifa, inveta hushika kazi kabla mtu hajapepesa jicho, na waliomo ndani huendelea kula. Mwenye nyumba ya namna hii anaweza kuwa Mkenya aliyefanikiwa, lakini anaweza pia kuwa mgeni mkazi: mhadhiri, mmishonari mstaafu, mtaalamu wa kilimo, aliyeoa au kuolewa hapa, au mtu wa mbali aliyeipenda tu hewa ya milima ya Iveti na Mua. Huyu mgeni ndiye nitakayemfikiria. Kiswahili kina namna tatu za kusema mtu alipo. Yuko, mahali fulani tusipopajua vizuri. Yupo, hapa hapa, tunamwona. Yumo, ndani ya jambo pamoja nasi. Mgeni anayehamia Machakos hutoka kwenye yuko akaingia kwenye yupo siku anapopewa ufunguo wa geti. Hatua ya tatu haina ufunguo. Nadai kwamba sola ya nyumbani inamwezesha mgeni kuwapo kwa raha kuliko alivyoweza wakati wowote, na kwamba raha hiyohiyo, asipokuwa mwangalifu, ndiyo inayomzuia asiwemo.

Kwanza tumtendee haki. Machakos iko chini kidogo tu ya Ikweta, na Kenya hupata kwa wastani kilowati-saa 4 hadi 6 za jua kwa kila mita mraba kwa siku. Kuuacha utajiri huo uishie kwenye mabati ni upotevu. Gridi nayo imetupa sababu za kuitilia shaka: usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukusalimika. Wala sola si anasa ya kigeni. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba karibu kaya moja katika kila tano nchini ilitegemea sola kwa mwanga. Lakini tuangalie kaya hizo ni zipi. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981 likiwa na mitambo ya megawati 40, limo kwa sehemu katika kaunti hii. Umeme wake ukaingia kwenye gridi ya taifa, nyaya zikapita juu ya mashamba, na kwa miaka mingi nyumba nyingi za Masinga na Yatta ziliendelea kuwasha koroboi. Kwa nyumba hizo, paneli ndogo ya kuwasha taa tatu na kuchaji simu ilikuwa mlango wa kuingilia katika jambo ambalo taifa liliziacha nje. Kwa mgeni wa mtaani, ambaye waya ulishafika ukutani kwake, paneli ileile inaweza kuwa mlango wa kutokea. Chombo ni kimoja, safari ni mbili.

Safari ya kutoka, hata hivyo, haifiki mbali kama anavyodhani msafiri. Mtu akisifu kujitegemea kwake Februari, wakati anga ni buluu tupu, mngojee Julai. Kuanzia Juni hadi Agosti wingu zito huketi juu ya Iveti tangu alfajiri, manyunyu huja na kwenda, na kuna siku ambazo jua halionekani mpaka saa saba mchana. Betri haijai. Paneli zilizofutwa vumbi kwa kitambaa cha maji asubuhi, kabla kioo hakijapata moto, hazina cha kupokea. Usiku inveta hurudi kimyakimya kwenye waya wa kampuni, na mwenye nyumba huoga maji moto bila kujua yametoka wapi. Ndiyo kusema, gridi aliyoiaga bado ni bima yake. Na bima ina wenye kuilipia. Katika bei zilizoanza Aprili 2023, nyumba inayotumia yuniti 30 au pungufu kwa mwezi hulipia kila yuniti bei ya chini kabisa. Inayovuka 100 hulipa ya juu zaidi. Mpango huo unakusudia mwenye friji, pampu na hita amchukulie sehemu ya mzigo mwenye balbu mbili na redio. Nguzo hazipungui mwenye friji anapojitoa. Transfoma haipungui, wala mshahara wa fundi. Kinachopungua ni idadi ya mabega yenye nguvu. Nyumba moja haiwezi kuiangusha gridi, na sitaki kumtwisha mgeni makosa ya kampuni nzima; nasema tu kwamba uhuru wake una hesabu, na sehemu ya hesabu hiyo huandikwa kwenye mita ya jirani.

Fedha si hasara kubwa zaidi. Malalamiko pia ni mali ya umma, na huwa na thamani kulingana na anayelalamika. Transfoma inayoungua katika mtaa wenye mhadhiri, daktari na mstaafu anayejua kuandika barua na kuifuatilia hurudishwa upesi kuliko ile ya mtaa wa vibarua. Sote tunalijua hilo, hata tukiona haya kulisema. Wale wenye sauti wanapojitengenezea stima yao, kisima chao na ukuta wao wenye waya wa seng'enge, huondoka pamoja na sauti zao. Huduma hubaki kwa wale ambao malalamiko yao husikika taratibu. Yaliyozipata shule na hospitali za umma tangu wenye uwezo waanze kuzikwepa yanatosha kutuonya.

Machakos ilishajifunza somo hili kwenye udongo kabla ya kujifunza kwenye umeme. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni waliyatazama makorongo ya mmomonyoko ya Ukambani wakatabiri jangwa. Watu wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni ya leo, walikuwa kama 240,000. Kufikia 1990 walikuwa karibu milioni 1.4, na badala ya jangwa vilima vilikuwa vimevaa matuta kutoka kileleni hadi mtoni. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walilichunguza jambo hilo katika kitabu chao cha 1994, kikasomwa duniani kote. Tuta lililoenea zaidi huitwa fanya juu, jina la Kiswahili ambalo wataalamu wa udongo hulitumia hata wanapoandika Kiingereza: unachimba mfereji kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, na baada ya misimu kadhaa shamba hujisawazisha. Tuta hili lina siri moja. Haliwezi kumlinda mtu mmoja. Jirani wa juu asipochimba, maji ya shamba lake hushuka yakiwa na kasi na kuyabomoa matuta yako, hata ungeyachimba kwa ustadi gani. Kwa sababu hiyo kazi ilifanywa na mwethya, kikundi cha majirani wanaohama na majembe yao kutoka shamba hadi shamba. Katika mteremko, bidii ya mtu binafsi huishia kwenye mpaka wa jirani yake.

Kuna watakaosema kwamba namwonea mgeni, kwa kuwa wenyeji wenyewe hufanya hivyohivyo. Ni kweli. Nyumba nyingi zenye kuta ndefu na paa za paneli kuanzia Athi River hadi Machakos mjini ni za Wakenya, na baadhi zimejengwa kwa fedha za watoto wa hapa walioko Doha, Boston au Manchester. Wakenya wa ughaibuni walituma nyumbani dola karibu bilioni 5 mwaka 2024. Lakini hebu tumlinganishe mtoto huyo wa ughaibuni na mgeni wetu wa mtaani. Kijana wa Masii aliyeko Qatar hayupo. Kitanda chake kiko maelfu ya kilomita kutoka kwenye miembe ya kwao. Hata hivyo yumo. Akifiwa jirani, jina lake limo kwenye orodha ya mchango wa matanga. Kisima cha kijiji kikiharibika, pampu haitanunuliwa kabla hajapigiwa simu. Anagombezwa asipotuma na kusifiwa anapotuma, na kugombezwa huko ni cheti cha uenyeji. Mgeni wa mtaani ni kinyume chake kamili: yupo saa zote, gari lake linajulikana, mbwa wake anajulikana, lakini hakuna orodha inayomsubiri, na asipochanga hakuna atakayenung'unika. Watu wakiacha kukudai, usidhani wamekuheshimu. Wamekutoa kwenye hesabu. Mwenyeji anayejifungia ana kamba nyingine zinazomvuta nje: ukoo, kanisa au msikiti, shamba la babu, kura. Mgeni hana. Kwake shida ndogo za pamoja ndizo kamba pekee, na akizikata hakuna iliyobaki.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Historia ya Machakos imejaa wageni waliojitia katika mambo ya watu, na mwisho wake haukuwa mwema. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga ngome hapa kabla Nairobi haijawa mji, na kwa muda hapa palikuwa kitovu cha utawala wa bara, mpaka reli ilipopapita kando na makao yakahamia Nairobi 1899. Mwaka 1938 serikali iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi mno, ikaanza kuwachukua ng'ombe hao na kuwapiga mnada kwa nguvu. Mwenzao Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake na watoto, hadi Nairobi, wakapiga kambi wakidai mifugo yao. Yeye akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini mpango wenyewe ukavunjika. Je, baada ya historia hiyo si afadhali mgeni atulie nyuma ya ukuta wake, alipe kodi, asiseme neno? Ningekubali kama kungekuwa na njia mbili tu, kutawala au kunyamaza. Matuta yale yale yanaonyesha njia ya tatu. Kazi hiyo ilipokuwa ya amri ya wakoloni ilichukiwa. Ilipoachiwa mwethya zilizochagua viongozi wao, ilienea. Jembe halikubadilika. Kilichobadilika ni nani aliyesimama kwenye mstari na nani aliyesimama pembeni akihesabu. Mgeni anayeingia kwenye mstari, akachimba urefu uleule anaochimba mwenzake, hamtawali mtu. Ndiyo maana methali yetu humpa mgeni jembe siku ya tatu. Haimpi kiti cha mwenyekiti.

Mfano wa karibu zaidi na mada yetu upo, tena unahusu sola yenyewe, lakini kwanza tuutazame wa kinyume chake. Juu ya Ol Donyo Sabuk, mlima ambao wengine huuita Kilimambogo, amezikwa William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki 1925. Mjane wake alimwekea kumbukumbu Nairobi, maktaba nzuri yenye nguzo za mawe iliyofunguliwa 1931. Ilikuwa zawadi kubwa, na hadi 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Hiyo ni zawadi yenye ukuta. Sasa twende Meru katikati ya miaka ya 1980. Wamarekani wawili, Harold Burris, mhandisi, na Mark Hankins, mwalimu wa kujitolea, walishiriki kuweka taa za sola katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, wakiwafundisha mafundi wa hapohapo kufunga nyaya na kutunza betri. Mafundi hao wakaenda kuwafungia wengine, maduka yakaanza kuleta paneli, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika ambako sola ilienea kwa kununuliwa dukani na mwananchi wa kawaida. Hao nao walikuwa wageni. Tofauti ni kwamba ujuzi wao ulitoka nje ya nyumba yao. Sola nchini Kenya, kwa hiyo, haikuzaliwa kama chombo cha kujitenga. Ilianza katika shule iliyojengwa kwa michango.

Pingamizi la tatu ni la kisheria: mgeni hana haki ya kuwamo. Hapigi kura. Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 humruhusu kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, hawezi kuimiliki moja kwa moja. Kibali chake cha ukazi kina tarehe ya kwisha. Yote hayo ni kweli, na yanafaa. Nchi lazima ijue wenyewe ni akina nani. Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, inapoeleza umma ni nani katika vikao vya kushirikisha wananchi, huwataja wakazi wa kaunti. Ukazi unatosha. Kwa hiyo mkutano wa bajeti ya wadi, ambako watu hubishana kama fedha ziende kwenye barabara au kwenye zahanati, una kiti chake. Kadhalika mpango wa Nyumba Kumi, wa majirani kujuana kwa usalama wao, ulioanzishwa 2013, hauna maana yoyote ikiwa nyumba ya saba haijulikani inakaliwa na nani. Katiba imemnyima mgeni sanduku la kura, haijamnyima benchi. Na kwa sababu hana kura, benchi ndilo lenye thamani kubwa kwake, maana hapo husikilizwa kwa kadiri ya kujua kwake shida inayozungumzwa. Asiyewahi kukaa gizani na wenzake atasema nini transfoma ikijadiliwa?

Hapa naweza kuulizwa: unataka mtu ang'oe paneli zake akae gizani ili aonekane mwema? La. Kujitia umaskini ni maigizo, na majirani huyatambua maigizo upesi. Paneli zibaki. Ninachoomba ni waya ubaki pia, na mtu abaki kwenye waya. Sheria ya Nishati ya 2019 ilifungua njia ya mwenye sola kuupeleka umeme wake wa ziada kwenye gridi na kuhesabiwa, na kanuni zake zikatoka 2024. Mwenye paa kubwa anaweza kuwa mchangiaji mchana na mtumiaji usiku. Kazi ya kufunga na kutunza mitambo apewe fundi wa Machakos mwenye leseni, na kijana anayejifunza aruhusiwe kushika koleo. Giza likiingia, nyumba yenye mwanga ifungue geti kwa simu za jirani zenye chaji asilimia mbili na kwa mtoto mwenye mtihani kesho. Na mwenye nyumba awe katika kundi lile la mtaa kwa dhati, atoe namba ya mita yake, afuate zamu yake ya kupiga simu. Hakuna katika haya linalozidi uwezo wa mtu aliyemudu betri ya lithiamu.

Kuna jambo moja katika inveta hiyo ukutani ambalo wenye nyumba wengi hawalijui. Inveta iliyofungwa ipasavyo kwenye gridi hupima laini ya kampuni wakati wote. Laini ikifa, hujitenga nayo papo hapo, isipeleke nje hata chembe ya umeme, kwa sababu huko gizani huenda kuna fundi aliyepanda nguzo, mikono yake ikiwa kwenye waya anaoamini umekufa. Walioiunda walijua kwamba nyumba inayojitengenezea umeme bila kujali kilichoko nje inaweza kumuua mtu. Basi mashine hiyo, mchana na usiku, huiuliza laini swali lile la mtaani: iko? Mgeni mwenzetu, umenunua chombo kinachouliza kwa niaba yako. Stima ikipotea leo jioni, chukua simu uulize mwenyewe.